Safari ya Kuutafutia Mti Wetu Jina

Ndugu zangu, tangu nirudi kutoka Shume kila mtu ananisimamisha njiani aulize yaliyotokea, na kila mmoja amekwisha kusikia habari tofauti kutoka kwa shemeji Hamza. Kwa Hamza tulifungwa, tukapigana, tukapanda mti mpaka tukashika mawingu. Mimi kusema mbele ya watu ni kazi nzito, kwa hiyo nimeona niandike, polepole, jinsi tulivyokwenda na jinsi tulivyorudi. Anayetaka ya mawinguni amwone Hamza.

Kutoka nyumbani

Mti wenyewe mnaujua. Ni ule mrefu wenye gome jekundu unaosimama peke yake juu ya shule. Ulipandwa enzi za Mjerumani na hakuna aliyetuachia jina lake. Wengine wanauita mwerezi, wengine saiprasi, watoto wanauita Mrefu. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeamua uangushwe, upasuliwe mbao za madawati, kwa sababu watoto wa darasa la kwanza na la pili wanaandika wakiwa wamekaa chini, daftari juu ya magoti. Hamza, mpasuaji mbao wetu, alikuwa amekwisha kunoa msumeno.

Hapo ndipo mimi, Saidi, ambaye sikuwahi kufungua mdomo katika mkutano, niliposimama nikasema mti ule ni sekwoya, mti mkubwa kuliko miti yote duniani, na kwamba watu wa misitu wanaihifadhi miti hiyo kwa ajili ya mbegu. Nilikuwa na hakika. Nilipokuwa darasa la saba, Bwana Miti mmoja, mtu wa idara ya misitu, alitutembelea shuleni na picha ya sekwoya, wanaume wameshikana mikono kulizunguka shina na bado hawatoshi. Alisema gome lake ni jekundu na laini, mtu anaweza kulipiga ngumi asiumie. Jioni ile nilikwenda nikaupiga ngumi mti wetu. Sikuumia. Tangu siku hiyo nilikuwa najua kitu ambacho kijiji kizima hakikijui, na nilikaa nacho kimya mpaka siku ya mkutano.

Mwenyekiti hakucheka, ila wengine walicheka kwa niaba yake. Alisema, "Saidi, nenda kwa watu wa misitu. Wakisema ni sekwoya, tunauacha. Wakisema siyo, msumeno unaingia. Na Hamza atafuatana nawe awe shahidi, maana mtu akipenda kitu macho yake humdanganya."

Hamza ni Mzigua wa Handeni, amemwoa binti wa baba yangu mdogo. Kwa hiyo kwangu ni shemeji na pia ni mtani, na mtu mwenye haki mbili za kukutania hanyamazi. Tuliondoka asubuhi, mimi na kikapu chenye tawi la mti wetu, kipande cha gome, tunda lake la mbegu lililo gumu kama mbao, na kamba ya katani niliyolizungushia shina nikaifunga fundo unene wake ulipokomea. Yeye alibeba blanketi tu.

Tulipofika kilima cha kwanza niligeuka nyuma. Mti wetu ulionekana juu ya mapaa yote, matawi yake yametandazwa tabaka kwa tabaka kama manyoya ya ndege, na mwanga unapita katikati. Hamza alikuwa ameketi juu ya jiwe, anasugua miguu.

"Shemeji, milima yenu hii," alisema, "imeumbwa kwa ugomvi na magoti ya watu."

"Kwenu Handeni hakuna milima?"

"Kwetu Mungu alipiga pasi. Ninyi Wasambaa alikuwa amechoka, akawaacha na makunyanzi."

Kamba karibu na Soni

Tulipokaribia Soni niliona mti mrefu pembeni mwa shamba la mahindi. Nikaona niupime, nipate wa kulinganisha na wetu. Nikazungusha kamba shinani, Hamza akanishikia ncha.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alikuja mbio na jembe mkononi.

"Ninyi! Mnapima nini?"

"Shikamoo mama," nilisema. "Tunapima mti."

"Marahaba ya nini! Anayepima mti leo ndiye anayepima shamba kesho."

Nikaanza kuikunja kamba. Hamza akaona anisaidie. "Usiogope mama, tunaangalia tu kama hapa patatosha ghorofa."

Hapo utani haukuwa na nafasi. Upande ule watu walikuwa wanasikia habari za kuhamishiwa vijiji vipya, na mazungumzo yao yote yalikuwa kwamba kwingine mambo yalianza hivyohivyo, kwa vijana wawili wenye kamba. Mama akapiga yowe. Wakatoka watu shambani, wakatoka kwenye migomba, wengine na mapanga ya kazi zao, tukazungukwa, tukapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Huko ndiko Hamza anakosema tulifungwa. Hatukufungwa. Tuliketishwa kwenye benchi nje, kamba yangu ikawekwa mezani, na mke wa balozi akaleta viazi vya kuchemsha, maharage na chai ya tangawizi.

"Kuleni kwanza," alisema. "Mtu mwenye njaa hasemi kweli."

Tulikula. Watu walisimama wakitutazama tunavyokula, kana kwamba kweli ingeonekana kooni. Kisha balozi, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, akaanza.

"Nani kawatuma?"

Hamza alifungua mdomo nikamkanyaga mguu. Nilitoa vitu vyote kikapuni nikavipanga mezani, tawi, gome na tunda, nikaeleza habari ya madawati na ya mti wetu. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia, lakini nilifika mwisho.

"Kama unajua miti," balozi alisema, "ule uliokuwa unaufunga kamba ni mti gani?"

"Ni saiprasi. Matunda yake ni ya mviringo kama gololi, na ukivunja kijitawi unasikia harufu yake."

"Ulijua kabla ya kupima au baada?"

"Kabla."

"Sasa kamba ya nini? Kamba inasema nani mnene tu. Nikijizungushia mimi hapa tumboni mtaniita sekwoya."

Watu walicheka, na kicheko kile kilituokoa. Ila yule mama wa mahindi hakuwa amemaliza. Alinijia karibu akaniambia kwa Kishambaa, ili Hamza asisikie vizuri, "Mwanangu mimi namjua akiwa ng'ambo ya bonde lile, kwa mwendo wake. Wewe mti mrefu kama mnara wa kanisa, mpaka uukumbatie ndiyo uujue?"

Tulilala pale, na asubuhi tuliruhusiwa kwenda, ila kamba ilibaki. Balozi alisema itafaa kufungia mbuzi, na kwamba kwa usalama wetu wenyewe vijana wasitembee na kamba siku hizi.

Kupanda Lushoto

Kuanzia hapo nilitembea na kikapu bila kamba, na maneno ya yule mama yalinifuata. Basi nikaanza kutazama. Kila tulipofika juu ya kilima nilisimama nikapitisha macho kwenye kila kilima cha ng'ambo, mti mmoja baada ya mwingine. Mkaratusi nilijifunza kuujua kwa mbali, hauna umbo, umetawanyika kama nywele za mtu aliyeamka. Msindano una rangi ya kijani iliyofifia. Saiprasi husimama kwa mistari kwa sababu imepandwa na watu. Mkulo wa msituni una kichwa cha duara na huwa na wenzake. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, mti wenye manyoya ya tabaka kama wetu, ili nipate kusema, "Ule pale ni ndugu yake."

"Shemeji, unatafuta mchumba huko?" Hamza aliuliza. "Maana huo utazamaji si wa miti."

"Natafuta mwenzake mti wetu."

"Ukimpata niambie. Nitaukata huo nikuachie wako, kelele ziishe."

Niliona alikuwa anatania nusu tu, kwa sababu kilima kilichofuata alisimama kando yangu na yeye akatazama.

Lushoto tulimkosa Bwana Miti. Alikuwa amepanda Shume, na hakuna aliyejua atarudi lini. Tukaambiwa lori la mbao litapanda likiwa tupu, tungoje sokoni. Lori lenyewe halikuja siku hiyo, wala kesho yake asubuhi. Tulikaa karibu na akina mama wauza kabichi, tukila maandazi na mapeasi, na Hamza akawaelezea jinsi tulivyoponea chupuchupu kifungoni Soni. Mama mmoja alimwonea huruma akampa peasi la ziada. Mimi niliyekuwa kifungo kimoja naye sikupewa kitu.

Juu ya lori mpaka Shume

Lori lilikuja jua likiwa limeelekea magharibi. Tulipanda nyuma pamoja na vibarua wa msituni. Baada ya kupita kijiji cha Magamba ukungu uliingia barabarani na baridi ikawa ya kweli. Hamza alijifunika blanketi mpaka kichwani, akaona halitoshi, akaomba gunia.

"Mzigua huyu anakufa," kibarua mmoja alisema.

"Sifi," lilijibu gunia. "Ila nikifa mnipeleke Handeni. Msinizike huku, nitapata mafua."

Asubuhi tulimkuta Bwana Miti kitaluni, mtu mwembamba mwenye buti, anakagua miche ya saiprasi. Nilimsalimia, nikampa tawi letu.

"Umelitoa wapi hili?"

"Nyumbani, upande wa Bumbuli. Ni sekwoya."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Hakucheka wala hakunikatalia. Alilishika tawi, akatuongoza nyuma ya kitalu, kwenye kijia chenye majani marefu. "Tazama mwenyewe," alisema.

Ilikuwa miti mitatu. Niliiona kabla hatujaikaribia, na moyo wangu ulianza kuelewa kabla ya kichwa. Kivuli chake hakikuwa cha manyoya. Ilikuwa imefumbana, mizito, ya kijani kilichoiva karibu na bluu, mipana chini na kuchongoka juu, kama pia ya kuchezea iliyopinduliwa, Hamza alisema, na mwanga haukupenya popote. Mashina yalikuwa yametanuka yanapoingia ardhini, kama mtu mnene aliyeketi kitako. Gome lilikuwa jekundu. Nililipiga ngumi, sikuumia. Hamza naye akalipiga.

"Mkate," alisema. Alikwangua tawi lililoanguka kwa kisu, akalivunja juu ya goti. "Na mbao zake ni mkate vilevile. Mti mkubwa hivi ukianguka utapasuka vipande."

Bwana Miti alinipa kijitawi. Majani yake yalikuwa magamba madogo yenye ncha, yamelizunguka tawi pande zote kama kamba iliyosokotwa, ukilipapasa kinyume linachoma. Akaliweka kando ya tawi letu. La kwetu lilikuwa na majani bapa, safu mbili, kama kitana. Kisha akaniwekea mkononi tunda la mbegu, kubwa kama yai la kuku. Nikatoa la kwetu kikapuni. Lilikuwa kama ncha ya kidole gumba.

Nilisimama na matunda yale mawili, moja kila kiganja.

"Si huu," nilisema.

"Si huu," Bwana Miti alikubali. "Ila hujapotea mbali. Ni wa ukoo mmoja. Huu ni ule mnene, wa kwenu ni ule mrefu. Gome ndilo lililokudanganya, wote wawili wanalo."

"Na wa kwetu unahifadhiwa?"

"Niliyokabidhiwa mimi ni hii. Wa kwenu ni wa kijiji. Kijiji kikisema ukatwe, mimi sina neno."

Alinipa lile tunda kubwa nilichukue, akanieleza jinsi ya kuotesha. Liwekwe mahali pakavu lifunguke lenyewe. Mbegu ni nyembamba kama magamba ya dagaa, nyingi hazioti. Zitawanywe juu ya udongo mwepesi wenye mchanga, zisifukiwe sana. Kivuli kiwe chembamba, na maji yawe kidogo, maana miche huozea shingoni. Nilimsikiliza kwa makini na kila neno ninalo mpaka leo, ila wakati ule nilikuwa naona msumeno tu.

Kurudi

Tulishuka na lori lenye mbao mpaka Magamba, kisha kwa miguu, kwa kuwa Hamza hakutaka tena kukaa juu ya kitu chenye baridi.

"Shemeji," alisema tulipokuwa tukishuka, "shahidi ni mimi, sivyo?"

"Ni wewe."

"Basi tuseme ni wenyewe. Nitaapa. Nani atakwenda Shume kuuliza?"

"Kwa nini uape? Wewe ndiye unayetaka kuukata."

"Nataka kazi. Sitaki kukuona unachekwa mpaka uoe. Wewe ukichekwa huwa hurudi kuongea, nakujua. Dada yako atanilaumu mimi."

Sikutegemea maneno yale kutoka kwake. Nilitembea nayo hatua kadhaa. Lakini nilikwisha kuona majani ya kitana na majani ya kamba, na sikuweza tena kuacha kuyaona. Mtoto yeyote wa shule angeokota tawi chini ya mti wetu siku moja akajua.

"Nitasema ulivyo," nilimwambia.

"Haya. Kichwa cha Msambaa ni jiwe la mtoni, maji yanapita hakilowi ndani."

Tukaendelea kutazama vilima kama tulivyokwenda, sasa kwa mazoea. Sikuwa natafuta kitu tena. Ni Hamza aliyeshika mkono wangu juu kidogo ya Lushoto, akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde.

"Pia iliyopinduliwa! Ule pale!"

Ulikuwa ni sekwoya kweli, mmoja, juu ya mgongo wa kilima, mweusi kati ya miti myepesi. Mzigua wa nyika aliutambua kabla yangu. Alijisifu mpaka Soni, ambako tulipita bila kugusa mti wowote, na yule mama wa mahindi alituona akatuita. Nilidhani ni vita. Alitupa mahindi ya kuchoma, akauliza, "Je, umemjua mwanao?"

"Nimemjua, mama," nilisema. "Si yule niliyemdhania."

"Ndivyo watoto walivyo," alisema, akarudi kupalilia.

Mkutano

Mkutano ulifanyika chini ya ukuta wa shule. Nilisimama.

"Mti wetu si sekwoya mkubwa. Nilikosea. Ni wa ukoo wake, lakini siyo wenyewe."

Wakacheka, kama Hamza alivyosema watacheka. Mwenyekiti akangoja watulie. "Umesema kweli, Saidi, tunakushukuru. Basi Hamza..."

"Ngojeni," alisema Mama Zaina. Huyu ndiye anayetunza mbegu za shamba la kijiji, mahindi yaliyofungwa mafungu darini kwake, juu ya moshi wa jiko. "Saidi, umepita vilima vyote vile. Ya namna ya huu wetu umeona mingapi?"

Nilikuwa sijajiuliza hivyo. Nilikuwa nimebeba jibu bila kujua ni jibu.

"Sikuona hata mmoja," nilisema. "Nilitazama kila kilima, kwenda na kurudi. Ile minene niliona mitatu Shume, na mmoja juu ya Lushoto. Wa kwetu sikuona mwenzake."

"Shahidi?" mwenyekiti aliuliza.

Hamza akasimama. "Nilitazama na mimi, tena kwa tamaa, nilitaka nipate wa pili niukate huo. Sikuuona."

Mama Zaina aliwageukia watu. "Mwaka ule mvua ilipokataa, mlikuja mlangoni kwangu mkitaka mahindi ya darini mle. Niliwapa?"

"Hukutupa," watu walisema.

"Mlinitukana?"

"Tulikutukana," sauti moja ilikiri, wengine wakacheka.

"Mvua iliporudi mlipanda nini?"

"Yaleyale ya darini," ile sauti ilisema. Mama Zaina akaunyooshea mti mkono. "Kitu kikibaki kimoja hicho ni mbegu. Mbegu hailiwi. Na haikaliwi darasani."

Mwenyekiti alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. Aliamua mti usimame. Lakini alisema pia kwamba mbegu haiandikiwi juu yake, na watoto bado wako chini. Kwa hiyo ikatwe mikaratusi ya bondeni, ambayo ni migumu kiasi kwamba mwenzake Hamza, anayevuta msumeno upande wa chini, aliposikia tu, alisema anaumwa mgongo.

"Basi aliyeutetea mti," mwenyekiti alisema, "ndiye atakayeshika msumeno upande wa chini."

Ndiyo maana mnaniona hivi, nywele na kope zimejaa unga wa mbao. Gogo liko juu ya jukwaa, Hamza amesimama juu yake, mimi niko shimoni chini, tunavuta na kuvuta. Madawati ya darasa la kwanza yametosha, ya darasa la pili bado. Mtu wa chini anatakiwa afumbe mdomo, na mwanzoni hilo halikunipa taabu. Sasa Hamza anapaza sauti kutoka juu mara kwa mara, "Shemeji, nyamaza, utameza dawati!" kwa sababu nina maneno mengi ya kumjibu, na unga unaniingia kooni.